Sehemu ya Nne ya Sayari ya Kumi

Jumamosi ya tarehe 29 Oktoba 1966, muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili jioni, zaidi ya Waingereza milioni 7 walikuwa wamekaa mbele ya televisheni zao wakingoja mwisho wa hadithi. Hadithi yenyewe iliitwa The Tenth Planet, yaani Sayari ya Kumi, na sehemu zake 3 zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa katika wiki 3 zilizotangulia. Ilikuwa mojawapo ya hadithi za Doctor Who, tamthilia ya BBC kuhusu mzee mmoja wa ajabu, asiyejulikana kwa jina jingine ila Daktari, anayesafiri katika nyakati na anga kwa chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi. Kipindi kilipokaribia kwisha, mzee huyo alianguka sakafuni ndani ya chombo chake. Mwanga mkali ukaufunika uso wake, na ulipofifia, aliyelala pale alikuwa mtu mwingine kabisa, mdogo kwa umri na mwenye nywele nyeusi. Kipindi kikaisha hapo hapo.

Magazeti yalikuwa yamekwisha kutangaza kwamba mwigizaji mkuu anaondoka, ila namna atakavyoondoka haikujulikana nje ya BBC. Tamthilia nyingi zikimpoteza mhusika mkuu hufa naye. Hii haikufa. Waigizaji zaidi ya 10 wamepokezana nafasi hiyo tangu siku ile, na mfululizo umeufikisha umri wa miaka 60. Hata hivyo, sehemu ile ya nne iliyouokoa haipo. Haikuungua kwa ajali wala haikuibwa. BBC yenyewe iliifuta. Kisa cha namna ilivyotengenezwa na namna ilivyopotea ni cha kusimuliwa polepole, kwa sababu ukimtafuta mhalifu humwoni. Unawaona makarani.

Mfululizo ulizaliwa mwaka 1963. Sydney Newman, Mkanada aliyekuwa ameletwa BBC kuongoza idara ya tamthilia, alikuwa na pengo la kuziba: Jumamosi jioni, kati ya matangazo ya michezo na kipindi cha muziki wa vijana. Alitaka kitu ambacho baba, mama na watoto wangekaa kukitazama pamoja. Kazi hiyo akampa Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27 ambaye hakuwahi kuwa mtayarishaji, na mwongozaji wa kwanza akawa Waris Hussein, kijana mzaliwa wa Lucknow, India. Katika BBC ya wakati ule, iliyozoea wanaume wa Kiingereza wa makamo, wawili hao walitazamwa kama wageni walioingia mlango usio wao. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa tarehe 23 Novemba 1963, siku moja tu baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa. Watu akili zao zilikuwa Dallas alikouawa, na BBC ikalazimika kuirudia wiki iliyofuata.

Lambert alimtaka William Hartnell awe Daktari. Hartnell alizaliwa London mwaka 1908, akakulia katika umaskini, na kufikia wakati huo alikuwa amechoka kupewa kila mara nafasi ya sajini mkali au jambazi. Alipokubali alikuwa na miaka 55 tu. Wigi jeupe, koti refu jeusi na fimbo ndivyo vilivyomzeesha. Nafasi hiyo ilimbadilishia maisha. Watoto walimfuata barabarani, naye akawa mlinzi mkuu wa mhusika wake, akiwagombeza waandishi wa hadithi pale alipoona wamemfanya Daktari atende jambo lisilo lake.

Lakini mwili ulianza kumwangusha. Mishipa yake ya damu ilikuwa ikikakamaa, na kumbukumbu ikaanza kuteleza. Alisahau maneno, akayachanganya, wakati mwingine akabuni mengine papo hapo. Kwa kuwa kukata na kuunga kanda za video kulikuwa na gharama, kipindi kilirekodiwa karibu mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, na makosa mengi ya Hartnell yalikwenda hewani kama yalivyotoka kinywani. Wenzake wa mwanzo waliondoka mmoja mmoja. Lambert mwenyewe aliondoka 1965. Mzee akabaki na watu wapya asiowaamini, akawa mwepesi wa hasira.

Jaribio la kwanza la kumbadilisha lilifanyika kimyakimya. Katika hadithi iliyoonyeshwa Aprili 1966, The Celestial Toymaker, Daktari anafanywa asionekane kwa muda, na mtayarishaji wakati ikitungwa, John Wiles, alikuwa na mpango kwamba atakapoonekana tena awe na uso wa mwigizaji mwingine. Wakubwa wakaukataa mpango huo na kumwongezea Hartnell mkataba. Miezi michache baadaye mtayarishaji mwingine, Innes Lloyd, alikuwa ameketi kwenye kiti kile kile akilikabili tatizo lile lile. Safari hii wakubwa walikubali. Hartnell angeigiza hadithi moja zaidi, na nafasi yake angeichukua Patrick Troughton.

Hadithi hiyo ya mwisho ilitoka kwa mtu ambaye hakuwa mwandishi wa televisheni. Kit Pedler alikuwa mtafiti wa macho katika Chuo Kikuu cha London, na Lloyd alimwita ili awasaidie waandishi kwa mawazo ya kisayansi. Pedler alikuwa na hofu iliyomkosesha raha. Wakati huo madaktari walikuwa wamekwisha kuweka mitambo ya kuongoza mapigo ya moyo ndani ya vifua vya wagonjwa; Sweden ilianza 1958. Je, mtu akibadilishiwa kiungo kimoja, kisha cha pili, kisha cha kumi, ni lini ataacha kuwa mtu? Pedler na mhariri wa hadithi, Gerry Davis, waliligeuza swali hilo kuwa viumbe walioitwa Cybermen: watu wa sayari ya Mondas, pacha wa dunia yetu, ambao miili yao ilidhoofika, wakaanza kuibadilisha kwa plastiki na chuma, na mwishowe wakayaondoa hata mapenzi na huzuni kwa kuwa waliviona kuwa udhaifu.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1967, Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa mtu katika kifua cha mtu mwingine huko Cape Town. Hofu ya Pedler haikuwa ya kuokota njiani.

Anayetazama leo sehemu 3 zilizobaki anaweza kucheka kidogo. Cybermen hao wa kwanza wamefunikwa nyuso kwa kitambaa, wana taa kubwa kichwani na mtambo mzito kifuani, na vinywa vyao hufunguka na kubaki wazi huku sauti ikitoka kwa kupanda na kushuka kama mtu anayejifunza lugha kutoka kwenye mashine. Lakini mikono yao imeachwa wazi. Ni mikono ya watu, yenye ngozi na kucha. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko chuma chote walichovalishwa Cybermen wa miaka ya baadaye, kwa sababu linakukumbusha walikotoka.

Hadithi iliwekwa katika Ncha ya Kusini, Desemba 1986, miaka 20 mbele ya watazamaji. Chini ya theluji kuna kituo kinachoongoza vyombo vya angani, na watu wake wametoka mataifa mbalimbali. Ndani ya chombo kimojawapo yumo mwanaanga aitwaye Williams, aliyeigizwa na Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda. Miaka 11 kabla, Cameron alikuwa ameigiza katika Simba, filamu ya Kiingereza ya 1955 kuhusu vita vya Mau Mau nchini Kenya, iliyowagawa Waafrika katika makundi mawili tu, wa kuaminiwa na wa kuogopwa. Katika The Tenth Planet hakuna anayeitaja rangi yake. Ni rubani mwenye ujuzi aliye hatarini, basi. Marekani ilimrusha angani Mmarekani mweusi wa kwanza, Guion Bluford, mwaka 1983. Uamuzi wa kumpa Cameron suti ile mwaka 1966 haukupigiwa tarumbeta, na pengine ndiyo sababu wengi waliusahau.

Williams na mwenzake wanakufa katika sehemu ya pili, chombo chao kikivutwa na Mondas. Sayari hiyo imekuja kunyonya nishati ya dunia, na Cybermen wanatua katika theluji kuiteka kambi. Mkuu wa kambi, Jenerali Cutler, anataka kuilipua Mondas kwa bomu kubwa hata kama mlipuko utaiunguza nusu ya dunia, kwa sababu mwanawe amerushwa angani na maisha yake yako hatarini. Daktari anapinga. Halafu, katika sehemu ya tatu, Daktari hayupo kabisa: anazirai mwanzoni na kulala hadi mwisho. Hartnell alikuwa mgonjwa kweli wiki ile. Maneno yake yaligawiwa waigizaji wengine, na mtu mwingine akalala kitandani akiwa ameipa kamera kisogo.

Basi sehemu ya nne ilirekodiwa Jumamosi ya tarehe 8 Oktoba 1966 katika Riverside Studios, kando ya mto Thames, London. Jioni hiyo hiyo sehemu ya kwanza ilikuwa ikionyeshwa kwa wananchi. Mwongozaji alikuwa Derek Martinus. Kisa kinaendelea hivi: Cutler anauawa, Cybermen wanataka bomu lile lile litumike kuiangamiza dunia, Ben, baharia kijana anayesafiri na Daktari, anagundua kwamba viumbe hao wanaogopa mionzi, naye na wanasayansi wanatumia vyuma vya mtambo wa nyuklia kuwaangusha. Mwishowe Mondas inanyonya nishati kupita kiasi na kuyeyuka, na Cybermen wanaoitegemea wanaanguka nayo. Daktari anapitisha sehemu kubwa ya kisa hicho akiwa mateka. Hakumshinda mtu. Alijua tu tangu mwanzo kwamba Mondas itajiangamiza, akashauri watu wasubiri, na alikuwa sahihi. Kwa shujaa, ni mwisho wa ajabu, lakini unamfaa mzee anayeishiwa nguvu.

Kilichobaki kilikuwa kumbadilisha. Katika ujuzi wa 1966 hilo lilikuwa gumu, maana hapakuwa na kompyuta ya kuchezea picha. Hartnell na Troughton walilala sakafuni kwa mkao ule ule, kila mmoja mbele ya kamera yake, na picha zikasawazishwa hadi macho yakakutana na macho na kidevu na kidevu. Aliyefanya muujiza alikuwa Shirley Coward, fundi wa kuchanganya picha. Meza yake ya mitambo ilikuwa na hitilafu: kitasa kimoja kikisogezwa kwa namna fulani, picha ilifurika mwanga na kuwa nyeupe. Fundi mwingine angeandika ripoti meza itengenezwe. Coward aliitumia. Uso wa mzee ukamezwa na mwanga, ukayeyuka, ukarudi ukiwa uso wa Troughton. Hartnell akavua wigi na kwenda nyumbani. Wiki iliyofuata baada ya kuonyeshwa sehemu hiyo, tarehe 5 Novemba, Troughton alianza kazi katika The Power of the Daleks. Sehemu zote 6 za hadithi hiyo nazo zilifutwa.

Ilifutwaje, basi? Vipindi hivi vilirekodiwa kwenye kanda za video zenye upana wa inchi 2, zilizohitaji mashine yenye ukubwa wa kabati la nguo. Kanda hizo zilikuwa ghali, na uzuri wake, machoni mwa wahandisi, ulikuwa kwamba zilifutika na kutumika tena. Kwao kanda ilikuwa chombo cha kurushia kipindi. Kipindi kikisharushwa, chombo kilirudi ghalani kungoja mzigo mwingine. Mikataba na Equity, chama cha waigizaji, nayo iliweka mipaka ya marudio: chama kiliogopa kwamba vipindi vya zamani vikirudiwa ovyo, waigizaji wangekosa kazi mpya. Muda wa marudio ukipita bila ruhusa mpya, kanda ilikuwa mzigo tu. Kisha ikaja rangi. Chaneli ya pili ya BBC ilianza matangazo ya rangi 1967, ya kwanza ikafuata 1969, na ghafla kila kilichokuwa cheusi na cheupe kikaonekana kikuukuu. Nani angekitazama tena? Video za nyumbani hazikuwepo, na wazo kwamba mtu angelipa fedha yake kununua kipindi cha watoto cha mwaka 1966 lingechekwa na yeyote mle ofisini.

Kwa hiyo fomu zilijazwa, sahihi zikatiwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 kanda zote za awali za Doctor Who za miaka ya 1960, sehemu 253 kwa jumla, zilikuwa zimefutwa. Wala si hizo tu. Matangazo ya BBC yenyewe kuhusu binadamu wa kwanza kukanyaga mwezi, Julai 1969, nayo mengi yalipotea. Karani aliyefuta Daktari hakuwa na chuki naye, kama ambavyo aliyefuta mwezi hakuwa na chuki na mwezi.

Kulikuwa na njia ya pili ya kuishi. Kabla ya kanda kufutwa, tawi la biashara la BBC lilikuwa na kawaida ya kuipiga filamu: kamera ya filamu ya milimita 16 iliwekwa mbele ya kioo maalumu na kurekodi picha inayopita. Filamu hizo ndizo zilizouzwa nchi za nje, kwa kuwa karibu kila kituo duniani kilikuwa na mashine ya kuzionyesha. Lakini haki za kuuza nazo zilikuwa na muda. Zilipokwisha, filamu ziligeuka takataka zinazojaza rafu, na tangu mapema miaka ya 1970 tawi hilo likaanza kuzitupa na kuzichoma. Hapa ndipo roho inapouma zaidi. Maktaba ya filamu ya BBC ilihifadhi filamu, lakini haikuwa na wajibu wa kuhifadhi vilivyorekodiwa kwenye video. Wahandisi walidhani tawi la biashara lina nakala. Tawi la biashara lilidhani wahandisi wana za awali. Kila ofisi iliitazama nyingine, na moto ukaendelea kuwaka.

Ulizimwa 1978. Mwaka huo Sue Malden alipewa kazi ya kuchagua vipindi vya kuhifadhiwa, na alipotaka kuelewa jinsi vipindi vinavyopotea, alichukua Doctor Who kuwa mfano wa kuchunguza. Wakati huo huo Ian Levine, mpenzi wa mfululizo huo na mtengenezaji wa muziki, alifika tawi la biashara kutaka kununua nakala, akakuta filamu za hadithi ya kwanza kabisa ya Daleks, maadui wa Daktari, zimefungwa pamoja tayari kutupwa. Alipiga kelele hadi zikaachwa. Hesabu ilipofanywa, sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu za The Tenth Planet zilikuwepo. Ya nne haikuwepo.

Vipande vyake, hata hivyo, vilikuwa vimetawanyika mahali ambapo hakuna ofisi iliyowahi kufikiria. Novemba 1973, Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC, kiliadhimisha miaka 10 ya Daktari kwa kuonyesha picha chache za zamani, na moja ikawa mabadiliko ya Hartnell kuwa Troughton. Kipindi hicho kilihifadhiwa. Ndiyo maana sekunde zile, na hizo hasa kuliko nyingine zote, tunazo. Nchini Australia mtazamaji mmoja alikuwa ameielekeza kamera yake ndogo ya filamu ya milimita 8 kwenye televisheni ya nyumbani na kunasa matukio machache, yakitetemeka na yasiyo na sauti.

Halafu kuna John Cura. Huyu alikuwa mpiga picha wa London aliyebuni biashara ya ajabu: alikaa nyumbani mbele ya televisheni na kupiga picha za kioo, makumi kwa makumi kwa kila kipindi, kisha kuziuza kwa waigizaji na waongozaji waliotaka kumbukumbu ya kazi yao. Enzi hizo mwigizaji hakuwa na njia nyingine ya kujiona. BBC ilinunua picha za Cura za Doctor Who na kuziweka kwenye mafaili, na mafaili hayo hayakutupwa. Kwa hiyo sehemu ya nne inaweza kufuatwa picha kwa picha, kama mtu anayepekua albamu ya harusi.

Na sauti ipo yote. Watoto kadhaa wa Uingereza, pasipo kujuana, walikuwa na tabia ya kuweka maikrofoni mbele ya spika ya televisheni na kurekodi kipindi kizima kwenye kinasa sauti cha mikanda ya duara, ili wakisikilize tena wakati wa wiki. Walilazimika kuwaomba watu wa nyumbani wanyamaze kwa dakika 25. Shirika lenye studio, maghala na wahandisi wengi halikuweza kuhifadhi sauti ya sehemu hata moja kati ya zile zilizopotea kabisa. Watoto hawa walizihifadhi zote. Sioni haja ya kuongeza neno.

Tumaini la kupata filamu yenyewe limekuwa likitazama nje ya Uingereza, na sana Afrika. Vituo vichanga vya televisheni vya bara hili vilihitaji vipindi vya bei nafuu, na BBC iliviuzia. Nigeria, Zambia, Sierra Leone, Ethiopia, Uganda na Kenya zote zimo katika orodha ya wanunuzi wa Doctor Who, ingawa si kila nchi ilinunua kila hadithi. Kenya ilianza kuwa na televisheni 1962, Uganda 1963. Zanzibar ilifuata miaka ya 1970, tena kwa rangi, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Mzee Hartnell hakupata nafasi ya kuwatisha watoto wa Dodoma. Filamu zilikuwa za kupokezana. Kituo kikimaliza kuzionyesha, kilitakiwa kuzirudisha London, kuzipeleka kituo cha nchi nyingine, au kuziharibu na kutuma cheti cha kuthibitisha hivyo. Kwenye karatasi utaratibu huo haukuwa na tundu. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya stoo anajua kuna njia ya nne: kopo linasukumwa nyuma ya rafu, linasahaulika.

Njia hiyo ya nne imekwisha kutoa matunda. Katikati ya miaka ya 1980 Nigeria ilirudisha filamu za hadithi 2 za Hartnell. Kituo kimoja cha Hong Kong kilikutwa na sehemu zote 4 za The Tomb of the Cybermen, zikatangazwa 1992. Kisha Oktoba 2013 zikaja habari kubwa kuliko zote: Philip Morris, Mwingereza anayezunguka nchi mbalimbali kutafuta vipindi vilivyopotea, alikuwa amezikuta filamu za Troughton katika stoo ya kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria, makopo yamejaa vumbi. Sehemu 9 zilizodhaniwa zimekufa zilirudi kwa mpigo, 5 za The Enemy of the World na 4 za The Web of Fear. Morris alieleza kwamba alipoziona mara ya kwanza sehemu ya tatu ya The Web of Fear ilikuwamo, lakini filamu zilipofika Uingereza haikuwemo. Mwaka huo ulipokwisha, sehemu 97 za mfululizo huo bado hazikuwa zimepatikana, na ya nne ya The Tenth Planet ilikuwa mojawapo.

Mwaka huo huo wa 2013 BBC iliuza DVD ya hadithi hiyo, pengo likiwa limezibwa kwa katuni iliyochorwa kufuata sauti za watoto wale na picha za Cura. Kazi ni ya heshima, na kwa mtu anayetaka kujua kisa inatosha. Haitoshi kwa anayetaka kumwona Hartnell. Mwigizaji mgonjwa anayejua kwamba hii ni jioni yake ya mwisho huweka kitu usoni ambacho mchoraji, hata awe hodari namna gani, hana pa kukichukulia. Hartnell mwenyewe alirudi mara moja, mwaka 1972, kurekodi The Three Doctors, akiwa dhaifu kiasi kwamba alisoma maneno yake kwenye kadi. Alifariki Aprili 1975, wakati filamu zake zikiendelea kutupwa.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwahi kuhifadhi filamu ya asetati. Filamu hii ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kunuka siki, hujikunja, kisha picha hubanduka. Miaka 60 ni mingi mno kwake, na stoo nyingi za vituo vyetu hazina hata feni. Kwa hiyo wewe unayefanya kazi katika kituo cha zamani cha Nairobi, Kampala au Lusaka, au uliyerithi makopo ya bati kutoka kwa mzee aliyekuwa fundi mitambo: kabla hujayatoa kwa muuza vyuma chakavu, yafungue, soma kilichoandikwa kwenye karatasi ya juu, na ukiona filamu yenye upana wa milimita 16 usiitupe. Pengine haitakuwa Daktari. Inaweza kuwa taarifa ya habari ya 1965, tamasha la ngoma, au mchezo wa kuigiza wa Kiswahili ambao na sisi tulidhani umefutwa. Piga simu idara ya nyaraka za taifa, uwaambie ulichokiona.